Ekzosi Inapasua Ukiachia Mafuta: Mwongozo Kamili wa Kusaka Chanzo kwenye Gari la Spoti la Kabureta

Unashuka mteremko ukiwa gia ya tatu, mguu umetoka kwenye mafuta, na nyuma ya gari kunaanza: pa, pa-pa, kimya kidogo, kisha mlio mmoja mkubwa unaowafanya watu wa kando ya barabara wageuke. Ukikanyaga mafuta tena, injini inavuta vizuri kana kwamba haina neno. Magari ya spoti ya zamani yenye kabureta, yawe MGB, Triumph TR6, Datsun 240Z au Alfa Romeo Spider, yanajulikana kwa tabia hii, na wapo wanaoipenda. Mimi pia napenda mngurumo ule mdogo wa ekzosi gari likishuka kilima. Lakini kupasua kwa nguvu ni dalili ya jambo, na jambo hilo linaweza kutafutwa na kupatikana.

Wengi hukimbilia bisibisi na kuanza kuzungusha skrubu za kabureta. Nakuomba usianze hapo. Kabureta iwe ya mwisho kuguswa, kwa sababu ukiirekebisha wakati kasoro iko kwingine, unaficha ugonjwa mmoja na kuanzisha wa pili. Anza nyuma kwenye ekzosi, njoo kwenye umeme wa plagi, kisha valvu, kisha hewa ya wizi (inayopenya bila kupitia kabureta) upande wa kuingilia, halafu ndipo ufike kwenye kabureta.

Kinachotokea ndani

Ukiachia mafuta, kipepeo cha kabureta, yaani kile kisahani kinachofungua na kufunga njia ya hewa, hujifunga karibu chote, ilhali magurudumu bado yanaizungusha injini kwa kasi. Pistoni zinavuta hewa isiyokuwepo, na mvuto ndani ya manifoldi ya kuingiza (mabomba yanayogawa mchanganyiko wa hewa na petroli kwa silinda) unapanda. Injini nzima ya kawaida ikiwa silensi (inanguruma yenyewe bila kukanyagwa mafuta), geji ya vakyumu husoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Ukiachia mafuta kwenye mwendo, mshale huruka hadi 22 au zaidi. Petroli iliyokuwa imelowanisha kuta za manifoldi nayo hugeuka mvuke kwa ghafla na kuingia silindani, lakini hewa mpya ni kidogo mno, na gesi iliyoungua mzunguko uliopita imebaki humo nyingi. Plagi inapiga cheche, moto haushiki. Petroli mbichi inasukumwa nje kwenye ekzosi, mzunguko baada ya mzunguko.

Hali hiyo ipo kwa kiasi fulani katika kila gari la kabureta. Ili ekzosi ipasue, vitu vitatu lazima vikutane ndani ya bomba: petroli mbichi, oksijeni, na moto wa kuviwasha. Moto hautakosekana, maana bomba lina joto, na silinda moja ikibahatika kuwaka vizuri inatuma mwali wake nyuma. Kwa hiyo una njia mbili tu: kuzuia hewa isiingie kwenye ekzosi, au kupunguza petroli mbichi inayofika huko. Kila hatua iliyo hapa chini inafuata mojawapo ya hizo mbili.

Usichanganye tatizo hili na gari linalokohoa kupitia kabureta. Kukohoa hutokea mbele, mara nyingi unapokanyaga mafuta, na kuna njia yake nyingine ya kutafutwa.

Sikiliza kabla ya kufungua chochote

Endesha hadi injini ishike joto lake kamili na choki iwe imerudi ndani kabisa. Tafuta barabara iliyo wazi, na ikiwezekana uwe na mtu kando yako wa kuandika. Ukiwa gia ya tatu, panda hadi mizunguko 4,000 kwa dakika, achia mafuta kabisa, uiache ishuke hadi 1,500. Rudia mara tatu. Andikeni ni wapi inaanza kupasua, ni wapi inaacha, na mlio ulikuwa wa namna gani.

Mlio mkali unaokuja mara tu mguu ukitoka, injini ikiwa bado juu, mara nyingi unaelekeza kwenye ekzosi inayovuja au taimingi (wakati wa plagi kupiga cheche) iliyochelewa. Mlio laini wa kufululiza unaoanza chini ya mizunguko 2,000 unaelekeza zaidi kwenye mchanganyiko mwepesi (petroli kidogo kwa hewa iliyopo) wa silensi, au hewa ya wizi. Moshi mweusi na harufu ya petroli vinasema mchanganyiko ni mzito, yaani petroli imezidi. Hizi ni fununu tu, hukumu bado.

Sasa rudia zoezi lilelile ukiwa umevuta choki kidogo sana. Kabureta nyingi za aina ya SU zinafaa kwa jaribio hili, kwa kuwa choki yake huteremsha jeti (kijitundu cha kupitishia petroli) na kuongeza petroli. Kupasua kukipungua, mchanganyiko ulikuwa mwepesi. Kukizidi, ama ulikuwa mzito tayari, ama kuna hewa inaingia kwenye ekzosi na wewe umeiongezea chakula. Andika matokeo, kisha rudisha choki.

Onyo moja: usizime swichi gari likiwa kwenye mwendo ili usikie tofauti. Petroli mbichi itajaa kwenye bomba, na ukiwasha tena mlipuko wake unaweza kuipasua sailensa. Kwenye gari lenye loki ya usukani, unaweza pia kubaki bila usukani.

Hatua ya kwanza: ekzosi

Watu hawaamini kwamba tundu la kutoa moshi linaweza kuingiza hewa, lakini ndivyo ilivyo. Gesi kwenye ekzosi haitoki kama maji ya bomba. Inatoka kwa mapigo, na nyuma ya kila pigo kuna mvuto mfupi. Ukiwa umeachia mafuta, mapigo ni dhaifu na mvuto unaonekana zaidi, hivyo ufa mdogo karibu na injini unavuta hewa safi moja kwa moja hadi ilipo petroli mbichi. Kadiri uvujaji ulivyo karibu na kichwa cha injini ndivyo unavyoleta madhara makubwa. Tundu kwenye bomba la mwisho halina uzito huo.

Fanya kazi hii injini ikiwa baridi, asubuhi, kwa sababu chuma kikipata joto hutanuka na kuziba nyufa ndogo. Washa injini, vaa glavu nene, na mtu azibe nusu ya mdomo wa bomba la nyuma kwa kitambaa kilicholoweshwa, kwa sekunde chache tu. Wewe inama karibu na manifoldi usikilize. Uvujaji unasikika kama fsi-fsi-fsi inayokwenda na mapigo ya injini. Kipande cha mpira wa bomba, ncha moja sikioni, ncha ya pili ukiitembeza kwenye maungio, kitakuonyesha mahali penyewe. Yote haya yafanyike nje au penye hewa ya kutosha; moshi huu unaua bila kutoa taarifa.

Kama hujapata kitu, zima injini, iache ipoe, kisha puliza hewa ndani ya bomba la nyuma kwa mashine ya kufyonzea vumbi iliyogeuzwa ipulize, na upake maji ya sabuni kwenye kila ungio. Povu litakuonyesha.

Tumia macho pia. Uvujaji wa ekzosi huacha alama: mstari wa masizi meusi, au rangi ya kijivu-nyeupe kama majivu, ukitoka kwenye ukingo wa gasketi. Niliwahi kuhangaika majuma kadhaa na MGB, nikigeuza nati za jeti leo huku na kesho kule, hadi siku niliposhika tochi na kulala chini ya gari. Pale bomba la kushuka linapokutana na manifoldi palikuwa na alama nyeusi yenye umbo la feni, ukubwa wa kidole gumba. Nati mbili za shaba zilizungushika kwa vidole. Kubadilisha gasketi na kukaza nati kulichukua asubuhi moja, na ile pa-pa-pa ikaisha kabla sijagusa kitu kingine.

Kwenye injini ya MGB kuna mtego unaostahili kuelezwa taratibu. Manifoldi ya kuingiza na ya kutoa ziko upande mmoja, zinatumia gasketi moja, na baadhi ya nati zinabana zote mbili kwa pamoja kupitia washa kubwa nene. Kama unene wa flanji (kingo za kufungia) za manifoldi hizo mbili haulingani, kwa mfano umefunga manifoldi ya kutengenezwa badala ya ile ya chuma cha kalibu, washa inakalia iliyo nene na kuacha nyembamba imelegea. Nati itakuwa imekaza kabisa mkononi mwako, na bado kuna uvujaji. Weka rula juu ya flanji zote mbili uone kama zimelingana. Zisipolingana, washa inatakiwa ichongwe ngazi ifuate tofauti hiyo, au flanji nene ipunguzwe.

Rudi barabarani baada ya kila rekebisho. Ukirekebisha vitu vitatu kwa mpigo, hutajua kilichoponya ni kipi.

Hatua ya pili: umeme wa plagi

Mchanganyiko ulio silindani ukiwa umeachia mafuta ni mgumu kuwaka, kwa hiyo cheche dhaifu isiyosumbua mahali pengine popote itashindwa hapa. Fuata mpangilio: plagi, platini (swichi ndogo ndani ya distributa, kigawa umeme wa plagi), kisha taimingi. Kubadilisha nafasi ya platini hubadilisha taimingi, hivyo anayeweka taimingi kwanza atairudia.

Toa plagi zote uzipange kwa mpangilio wa silinda. Moja ikiwa nyeusi na mbichi huku nyingine ni za rangi ya kahawia, tatizo ni la silinda hiyo tu, na hiyo ni habari njema maana eneo la kusaka limepungua. Pima nafasi kwa fila geji. Kwa MGB plagi ni mm 0.64, na platini za distributa ya Lucas ni kati ya mm 0.35 na 0.40. Gari lako likiwa jingine, shika vipimo vya kitabu chake.

Shika shafti ya distributa uitikise kwa upande. Ikicheza, nafasi ya platini inabadilika kila mzunguko na hakuna taimingi itakayotulia. Kisha funga taa ya taimingi, pandisha mizunguko taratibu, na uangalie alama ikisogea. Inatakiwa isogee kwa ulaini na kurudi kwa ulaini. Ikikwama au kurukaruka, vile vizito vidogo ndani ya distributa vimeshika kutu au springi zimechoka. Taimingi iliyochelewa inafanya moto uwe bado unawaka valvu ya kutolea inapofunguka, na mwali huo ndio kiberiti cha petroli iliyoko kwenye bomba.

Kopo la vakyumu la distributa lisisahauliwe. Vuta hewa kwa mdomo kwenye mpira wake, kisha ziba kwa ulimi. Likishika mvuto, lipo sawa. Likiachia, utando wa ndani umechanika, na kama mpira wake unatoka kwenye manifoldi, basi umepata pia tundu la hewa ya wizi. Angalia pia mpira huo umeunganishwa wapi. Kuna magari yanayochukua mvuto kwenye manifoldi, na mengine yanauchukua kwenye kabureta, kwa juu kidogo ya kipepeo, ambako mvuto hupotea kipepeo kikifungwa. Aliyebadilisha kabureta na kuchomeka mpira popote palipokuwa na tundu amebadilisha taimingi ya gari bila kujua.

Ukitaka kujua ni silinda ipi inamisi (inakosa kuwaka), shikisha kibano cha taa ya taimingi kwenye waya wa plagi moja baada ya nyingine, pandisha mizunguko na kuachia. Taa ikiruka mapigo kwenye waya mmoja, umefika.

Hatua ya tatu: valvu

Hapa sitakaa sana. Valvu ya kutolea yenye tapeti (kisukuma valvu) iliyobana, yaani isiyo na nafasi ya kutosha, haikai vizuri kwenye kiti chake, na gesi mbichi inapita wakati wowote. Seti tapeti injini ikiwa baridi. Kwa MGB ni mm 0.38. Kwenye injini ya silinda nne zenye valvu nane mstari mmoja kama hiyo, tumia hesabu ya tisa: valvu namba 8 ikiwa imefunguka kabisa, seti namba 1, namba 7 ikifunguka, seti namba 2, na kuendelea, jumla iwe tisa daima. Kisha pima kompresheni. Silinda zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, chunguza valvu zaidi kabla ya kuendelea, kwa sababu hakuna kabureta itakayotibu valvu iliyoungua.

Hatua ya nne: hewa ya wizi

Hewa yoyote inayoingia baada ya kabureta haikupimwa na mtu. Inaufanya mchanganyiko uwe mwepesi, na inauma zaidi kipepeo kikiwa kimefungwa, kwa kuwa wakati huo mvuto ni mkubwa na hewa halali ni kidogo.

Unganisha geji ya vakyumu kwenye manifoldi, injini ikiwa ya moto na silensi. Mshale uliotulia lakini uko chini ya kiwango ni dalili ya hewa ya wizi au taimingi iliyochelewa, ndiyo maana tulimaliza umeme kwanza. Kumbuka kwamba kila mita 300 za mwinuko kutoka usawa wa bahari zinapunguza takribani inchi moja, hivyo aliye nyanda za juu asiogope bure.

Kisha bana mipira ya hewa mmoja mmoja kwa koleo laini: ule wa boosta ya breki, wa distributa, wa kupumulia kwenye kasha la injini. Mizunguko ikibadilika sana ukibana mmoja, fuata huo. Kwa gasketi za manifoldi na za kabureta, tumia chupa ya kunyunyizia maji. Rushia ukungu wa maji ungio kwa ungio. Pakivuja, injini itabadili sauti kwa muda. Wengi hutumia dawa ya kusafishia kabureta kwa kazi hii. Inaonyesha haraka, lakini inashika moto, na manifoldi ya ekzosi iko sentimita chache kutoka hapo. Mimi nachagua maji.

Mahali panaposahaulika ni shafti ya kipepeo. Baada ya miaka mingi ya kukanyagwa, shafti na tundu lake hulika. Shika ncha ya shafti kwa vidole viwili, isukume juu na chini. Ukiisikia inagonga, hewa inapita hapo, na haitoshi kuipaka grisi. Inahitaji bushi mpya, na mara nyingi shafti mpya.

Baadhi ya kabureta za SU zina kivalvu kidogo chenye springi katikati ya kipepeo. Kiliwekwa makusudi: mvuto ukizidi, kinafunguka na kuruhusu mchanganyiko kidogo upite ili moto uendelee kushika silindani. Springi ikichoka, kinabaki wazi na silensi haishuki hata ulegeze skrubu zote. Kuna wanaokiziba kwa risasi ya kuchomelea. Silensi hutulia, ila ujue umeondoa kitu kilichokuwa kikisaidia pale unapoachia mafuta.

Gari likiwa na pampu ya hewa

MGB zilizopelekwa Marekani kuanzia 1968 zilifungwa pampu inayopuliza hewa safi kwenye matundu ya kutolea ili petroli iliyobaki iungue. Ukiachia mafuta, kuna valvu inayopeleka hewa kwenye manifoldi ya kuingiza kwa muda mfupi, ili kupunguza uzito wa mchanganyiko na kuzuia mlipuko. Valvu hiyo ikifa, ekzosi inapasua kwa nguvu ya kutisha. Kwa majaribio tu, tenga mpira wa hewa ya pampu, uzibe pande zote mbili, uende barabarani. Ukimya ukirudi, chanzo kiko kwenye mfumo huo.

Hatua ya mwisho: kabureta

Sasa ndiyo zamu yake. Hakikisha kwanza kiwango cha petroli kwenye chemba ya floti, na kwamba sindano ya kuzuia petroli haivuji. Floti iliyotoboka hufanya kila kipimo kingine kiwe uongo.

Kwa SU mbili, linganisha kwanza hewa: kabureta zote zivute sawa kwenye silensi, na vipepeo vianze kufunguka kwa wakati mmoja. Kwa SU aina ya HS, pa kuanzia ni kupandisha jeti hadi ilingane na daraja (sakafu ya njia ya hewa inapopita jeti), kisha kuishusha mizunguko miwili kamili ya nati, yaani bapa (pande za nati) 12. Halafu inua pistoni ya kabureta moja kwa kijiti chake, takribani mm 0.8, usikilize. Mizunguko ikipanda kidogo kisha kurudi, umefika. Ikipanda na kubaki juu, mchanganyiko ni mzito. Ikishuka au injini ikataka kuzima, ni mwepesi. Geuza bapa moja kwa wakati mmoja, na baada ya kila dakika chache kanyaga mafuta kidogo usafishe plagi.

Kabureta za Weber DCOE zina tabia yake. Ukiachia mafuta zinategemea sakiti ya silensi, na jeti za silensi zina tundu jembamba linalozibwa na punje moja ya uchafu. Pipa (njia ya hewa ya kabureta) moja likiziba, silinda yake inapata mchanganyiko mwepesi na inamisi. Toa jeti, zitazame kwenye mwanga, pulizia hewa, usichomeke waya ndani. Mara nyingi hapo ndipo kazi inapoishia, kabla skrubu yoyote haijazungushwa.

Petroli nayo imebadilika. Iliyochanganywa na ethanoli asilimia 10 inahitaji hewa pungufu kidogo: sehemu 14.1 hivi kwa moja, badala ya 14.7. Kabureta iliyosetiwa kwa petroli ya kale inakuwa nyepesi kwa asilimia kama 4 bila kuguswa. Gari lililokuwa kwenye ukingo wa wepesi litavuka.

Ukiwa na kipimo cha oksijeni kwenye ekzosi, usikiamini sana wakati umeachia mafuta. Silinda inayomisi inatupa nje oksijeni yote iliyoingia, nacho kitakuambia mchanganyiko ni mwepesi hata kama ni mzito kupindukia. Uvujaji ulio kabla ya kipimo hicho huleta uongo uleule. Kisome kwenye silensi na kwenye mwendo wa kawaida, halafu kwa kuachia mafuta tegemea masikio na plagi.

Kitakachobaki

Injini yenye kemu (shafti inayofungua valvu) kali, ambayo valvu za kuingizia na za kutolea zinakuwa wazi pamoja kwa muda mrefu, itanguruma na kupasua kidogo hata ikiwa nzima. Ekzosi fupi isiyo na sailensa nyingi itakufanya uisikie. Mlio laini, wa chini, unaokoma mizunguko ikishuka, uache. Mlio mkali wa mara moja moja usioeleweka unataka urudi hatua ya kwanza na tochi.

Na kama ulifunga gasketi mpya ya manifoldi, safari ya kwanza ikiisha acha injini ipoe kabisa, usiku mzima ikiwezekana, kisha rudi na spana kwenye nati zote. Gasketi hulala ikipata joto, na nati uliyoikaza jana itakubali robo mzunguko tena.